Meza ya Mama Mdogo

Moyo wa plastiki ulipita mkono kwa mkono kwenye meza ya jirani, na kila mwanafunzi aliyeupokea aliushika kama aliyepakatishwa mtoto mchanga. Mtaalamu wa vimelea aliuona vizuri kutoka alipokaa, kwa kuwa mezani kwake hapakuwa na mtu wa kumzuia kuona. Yeye alikuwa ameleta hadubini na minyoo ndani ya chupa. Wasichana wawili walikuja, wakaiona ile chupa, wakakumbuka kwamba wana kiu.

Chuo kikuu kilikuwa kimewaalika wanafunzi wa sekondari waje kuzungumza na wataalamu kuhusu kazi za tiba na sayansi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kaa, uliza utakalo, na kabla ya kuinuka lazima uulize swali lililobandikwa ukutani, "Kazi hii imekunyima nini?" Yeye alikuwa na jibu lake tayari, "Usingizi," na wachache waliofika walicheka kwa adabu.

Meza ya jirani ilikuwa ya mdogo wake, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Yule alizaliwa na nyota. Hata akivunja sahani, watu walisifu mlio. Hayo dada mtu alikwisha kuyazoea. Lililomkereketa leo ni binti yake mwenyewe, wa kumzaa, aliyeganda pale tangu asubuhi, kiwiko mezani, akicheka kicheko ambacho nyumbani hakikuwa kimesikika siku nyingi. Karibuni binti angechagua masomo ya chuo, na mama alikwisha kumchagulia kimoyomoyo maabara yake, hata kiti. Wivu ulimpanda kooni kama kiungulia.

Mwanafunzi mmoja mwenye miwani akaja kumwuliza kama ni kweli kazi ya moyo ndiyo ngumu kuliko zote.

"Moyo?" alisema, akapaza sauti makusudi. "Moyo ni pampu, mwanangu. Ikiziba, unaita fundi bomba. Wa leo ana koti zuri tu."

Watu wakaangua kicheko. Mdogo wake naye alicheka. Binti hakucheka, alimtazama mama yake, kisha akampa mgongo. Maji yakimwagika hayazoleki, basi mtaalamu akajitia kusafisha lenzi isiyokuwa na doa.

Ndipo alipomsikia binti akiuliza, "Na wewe, mama mdogo? Imekunyima nini?"

Daktari aliuzungusha ule moyo wa plastiki mkononi. "Mtoto," alisema. "Kila mwaka nilisema mwakani. Ndiyo maana ukija kwangu jioni nakung'ang'ania. Namwonea mama yako wivu mpaka naona aibu. Usimwambie."

Mtaalamu aliacha kusafisha lenzi. Miaka yote alidhani wivu wa ukoo mzima umelala kwake peke yake. Alifurahi, hakuna haja ya kuficha, alifurahi sana, kisha furaha ile ikamchachia. Ukija kwangu jioni. Jioni zipi hizo? Hakuhitaji kuambiwa. Ni zile alizokuwa yeye maabara, akiamini nyumbani kuna mtu anayemsubiri.

Watu walipopungua, binti alikuja. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaiweka sawa sketi ya sare, kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba." Alitaka kutania, ikashindikana. "Huna la kuuliza kuhusu minyoo?"

"Ya minyoo nayajua, mama. Nimekua nayo." Binti akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Nina lile moja tu."

Mtaalamu alifungua kinywa. "Usingizi" lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jepesi, limeizoea njia. Akalimeza. Alimtazama binti usoni, kwa utulivu ambao kwa kawaida aliiwekea hadubini, na juu ya jicho la kushoto akaona kovu dogo, la siku nyingi, lililokwisha kufifia, ambalo hakuwahi kuliona.

Akainuka na kiti chake, akazunguka meza, akakaa upande ule ule wa binti.

"Hilo kovu," alisema taratibu, "ulilipata wapi?"