Kinu Chini ya Jiko

Mwaka ule serikali iliposema kila mtu ajitafutie soko, ugonjwa wa kideri nao ulijitafutia kuku wa Lagangabilili. Nyanjige alibakiwa na tetea mmoja, naye akachukuliwa na kicheche, zimebaki siku tisa mayai yake kumi na mawili yaanguliwe. Mbegu yote ya kuku aliyoachiwa na mama yake ilikuwa ndani ya mayai hayo.

Asubuhi hiyo hiyo mhandisi Paschal akatokea kutoka Bariadi na mradi wake wa kuangulia mayai bila kuku. Alibeba sanduku la mbao na bamba bapa la shaba, limezibwa pande zote, ndani lina maji kidogo na utambi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Nyanjige kwa Kisukuma, kama mama yake. "Moto ukiwa huku, maji yanageuka mvuke. Mvuke unakimbilia kwenye sanduku la mayai, unaacha joto lake, unakuwa maji tena. Utambi unayarudisha motoni. Kompyuta imeshakokotoa yote."

"Na yakichoka njiani?"

"Kwenye hesabu hayachoki."

Maduhu, mume wa Nyanjige, hakuvumilia kumwona msomi akichuchumaa mekoni kama mkamwana. Akapindua kinu, akaweka jiko la mkaa juu yake. Sanduku likabaki sakafuni, maana kuku haatamii darini. Bamba likalala mteremko katikati.

Ikapita saa nzima. Upande wa jiko ungekaanga dagaa. Upande wa mayai ulikuwa baridi kama mtungi.

Paschal akafunua karatasi zake. Huenda ni nyuzi za utambi, alisema. Huenda ni kani ya mvuke. Huenda mkaa wa huku una tabia zake.

"Labda joto nalo linasubiri mnunuzi binafsi," alisema Maduhu.

Nyanjige hakucheka. Alikuwa ameona kwamba kijana yule, huku akisoma, alivua koti lake la ofisini, akayatoa mayai sandukuni, akayafungia humo, akayapakata. Hakumtangazia mtu. Kwa hiyo alimuuliza polepole, asimwaibishe.

"Mwanangu, maji yakiwa kwenye mteremko yanakaa wapi?"

"Chini, mayu."

"Na chini hapa ni wapi?"

Paschal akatazama. "Kwenye sanduku."

"Na moto?"

Paschal akakunja karatasi zake. "Kompyuta haikuambiwa habari za kinu."

"Nami nilikuwa nakuheshimu tu," alisema Maduhu, akalishusha jiko.

Sanduku likapanda juu ya kinu. Kabla ugali haujaiva, lilikuwa na joto la kwapa la tetea, na mayai yakarudishwa ndani.

Siku ya tisa vifaranga wanane walitoka. Paschal akaleta ripoti ya kurasa arobaini, aliyoiongezea herufi moja ya Kigiriki kwa ajili ya mteremko.

"Na mimi nimeandikwa wapi?" Nyanjige aliuliza.

"Ndiyo herufi hii, mayu."

Aliitazama sana ile herufi, imejikunja kama mdudu wa pamba. Kisha akamchagulia kifaranga mwenye miguu imara, akamtia katika mfuko wa lile koti, ambalo bado lilikuwa linanuka kuku.