Raba za Injini

Chuma cha kupimia kiliingia hadi katikati, kikagoma.

Nilikichomoa, nikakipaka grisi, nikakisukuma tena. Wiki iliyopita kilipenya kutoka nyuma ya boti, kupitia beringi, hadi ndani ya injini kwa kusukumwa na vidole viwili tu, ishara kwamba vyote vimenyooka mstari mmoja. Leo kilikwama, na mikanda ya kreni ilikuwa imeshafungwa chini ya boti, tayari kuishusha majini. Mama alikuwa garini mlangoni pa karakana, mkoba wa hospitali mapajani. Mara tatu kwa wiki alikwenda ng'ambo kusafishwa damu, saa nne nzima kwa barabara ya kuzunguka maji. Kwa boti ingekuwa dakika arobaini. Ndiyo sababu tuliifufua.

"Kuna nini tena?" kaka akauliza.

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri miezi minane, mdogo wangu."

Kweli, minane. Boti ilikuwa na injini ya petroli, nyepesi na yenye mbio. Nikaitoa, nikatia ya dizeli niliyoing'oa kwenye lori, nzito, ya mzunguko wa polepole lakini yenye nguvu za kung'oa meno ya gia. Nilikesha na hesabu mpaka nikapata mguu wa rafadha unaoiweza, yaani gia ya nyuma yenye panga la kusukuma boti. Watu walinicheka, eti fundi wa malori anajitia ubaharia. Nilipofaulu nilivimba kichwa, sikatai.

Kaka akaja na nyundo. Kabla sijamzuia, akakigonga mara mbili. Kikazama chote.

"Si hicho kimeingia! Mwambie wa kreni anyanyue."

Nilijaribu kukizungusha. Hakikutikisika hata kidogo. Dereva wa kreni akapiga honi. Ningeweza kunyamaza, na injini ingewaka vizuri tu, pengine kwa safari tatu au nne. Halafu beringi ingesagika, mpira unaozuia maji ungechanika, na Mama angekuwa ndani.

Ndipo nikazitazama raba nne zinazobeba injini. Zilikuwa zimebonyea. Kwenye lori haidhuru, kwa kuwa gia imeshikana na injini na vyote hushuka pamoja. Hapa mguu umefungwa kwenye boti, na injini ilikuwa imeshuka peke yake, haiko tena mstari mmoja nao.

"Nani alipima?" Mama alikuwa ameshuka garini, kasimama nyuma yetu.

"Mimi, Mama."

"Lini?"

"Siku ileile tuliyoipachika injini. Nilitakiwa niache raba zibonyee kwa uzito siku kadhaa kwanza, ndipo nipime. Nimekosea."

"Ulisema umemaliza!" kaka akafoka.

"Nilisema."

Mama aliitazama boti, kisha akanitazama mimi. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya ndala.

"Leo twende kwa gari," alimwambia kaka. "Keshokutwa nitapanda hii."

Waliondoka bila kaka kuniaga. Nilishika spana, nikainama kwenye raba ya kwanza. Mama hakuwa ameuliza kama keshokutwa itakuwa tayari.