Uyoga Hauonyeshwi Mtu

Ludomir angekupa figo lake moja na la pili akakukopesha, lakini usimwulize anaokotea wapi uyoga. Marehemu baba yake alimrithisha mahali hapo kwa kumnong'oneza sikioni, na mama yake, Bi Genowefa, mke halali wa kanisani, hajaambiwa mpaka leo. Ndivyo walivyo watu wa mkoa wa Podlasie. Ghala utaonyeshwa, kaburi la babu utaonyeshwa, uyoga ng'o!

Basi akaja Kajetan kutoka mji wa Łódź, mwongozaji wa filamu asiye na senti wala soksi zinazofanana. Alikuwa anatengeneza filamu ya kubuni inayojifanya ya kweli: waokota uyoga wawili, wanaume, mahasimu, halafu wanapendana. Ludomir alipewa nafasi ya mmoja. Mwigizaji wa pili alipoona amelazwa banda la kuku alipanda basi akaenda zake, ikabidi Kajetan aingie mwenyewe mbele ya kamera.

Hapo ndipo Ludomir alipopatikana. Msimu mzima aliambiwa "nakupenda," mara jikoni, mara juu ya trekta, mara katikati ya mahojiano ya uongo, na kila akikaribia kuzimia kwa raha, Kajetan anadakia: "Kata! Tunarudia. Kuku amepita."

Mwenzenu alikuwa haigizi tena. Alipenda, tena vibaya sana. Ila huyu Kajetan anampenda yeye, au anaipenda filamu yake? Amwulize nani, kuku?

Likabaki onyesho la mwisho, ambapo mpenzi anampeleka mpenziwe mahali pake pa uyoga. Ludomir alimkuta Kajetan amepiga magoti chini ya misonobari, anachomeka ardhini uyoga wa dukani kwa vijiti vya meno.

"Yesu na Maria! Huo si uyoga wa piza?"

"Nani atajua?"

"Nchi nzima! Tutachekwa mpaka na Wajerumani!" Akasema upesi kabla akili haijamrudia: "Beba kamera. Nifuate."

Alimfunga macho kwa skafu, akamzungusha bwawa lilelile mpaka bata wakawazoea, akamtambaza chini ya miiba. Alipomfungua, uyoga ulikuwa umejaa tele, mnene, wa kahawia, kama maandazi yaliyotoka sasa hivi mafutani. Kajetan aliitega kamera. Ludomir akajua kwamba baada ya leo kila mwenye kikapu atapajua hapa, na roho ikamuuma.

"Piga basi," alisema.

Kajetan akavua kofia yake ya sufu, akaivisha kamera, ndipo akaiwasha.

"We! Unafanya nini?"

"Hapa ni pako. Si pa watu."

"Na filamu?"

"Inune." Akamshika mkono, akamwita kwa jina la kudekeza. "Nakupenda, Ludek."

Ludomir akangoja "kata." Haikuja. Na kuku hawakuwepo.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa wazima moto, kijiji kizima kikihudhuria. Wawili hao walipobusiana juu ya trekta, watu walikohoa kidogo, wakaendelea na keki zao. Lakini kule mwisho skrini ikawa nyeusi tii, imezibwa na kofia ya sufu, zikasikika sauti mbili na kikapu kikianguka, na ukumbi ukalipuka.

"Toeni kofia! Matapeli!"

Bi Genowefa alisimama. "Busianeni mpaka midomo ichubuke, mie sina neno! Lakini uyoga uko wapi?" Akamgeukia Kajetan. "Wewe alikuonyesha?"

Watu wakanyosha shingo.

"Alinionyesha, mama. Ila njia nimeisahau."

"Umesahau!" Bi Genowefa alimtazama mwanawe, machozi yakimlengalenga. "Marehemu nilimzalia watoto wanne, hakunionyesha hata upande wa kuelekea." Akapenga kamasi kwa kishindo. "Haya, mkwe. Jumapili uje kwangu tunywe supu."

Akaketi. Mara akageuka tena.

"Uyoga utaleta wewe."