Taa ya Njano

Aikande alishuka mjini Moshi kutafuta taa ya baiskeli ya kuwasha mchana, na Jesse, muuza spea wa karibu na soko la Mbuyuni, akadhani mama huyu amekosea kusema.

"Ya usiku, mama?"

"Ya mchana, mwanangu. Jua likiwa utosini."

Hakuwa na mzaha. Majuzi tu walikuwa wamemzika Godlove, jirani yao kule Machame, aliyegongwa na lori akiwa kwenye baiskeli yake mchana kweupe. Dereva alifika msibani, akasimama mbele ya wafiwa na kusema neno moja: sikumwona. Aikande alikasirika mpaka akashindwa kula chakula cha msiba. Mtu mzima na baiskeli yake na mzigo wake, hukumwona vipi? Na barabara hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akipita mumewe, Davis, akitoa mabua ya mahindi kwenye shamba lao la porini, chini ya Bomang'ombe, kwenda kuwalisha ng'ombe nyumbani.

Jesse akatoa taa kubwa kubwa. Aikande akazirudisha.

"Hizi ni za yeye kuona njia. Mimi nataka ya yeye kuonwa."

Ndipo zikatoka zile ndogo za kisasa, zinazotosha kiganjani, unazichaji kwa chaja ya simu na zinamweka zenyewe, zikiwaka na kuzimika. Aikande hakununua kwa maneno. Alimsimamisha Jesse juani mlangoni, taa mkononi, yeye akavuka barabara na kukunja uso akitazama. Wapita njia wakacheka. Nyingi zilimezwa na jua. Zikabaki mbili, nyekundu na njano.

"Chukua nyekundu, mama. Nyuma huwa nyekundu. Hii njano ni kama indiketa ya pikipiki."

Nyekundu ilikuwa rangi ya kitambaa kilichofungwa kwenye gari lililomleta Godlove kutoka mochwari. Kilipepea mbele ya macho ya Aikande mpaka kaburini.

"Nyekundu nimeiona ya kutosha. Nipe njano."

Kesho yake Davis aliifunga kwa kamba ya mpira kwenye ncha ya mzigo, upande wa kushoto, anakosimama akiisukuma baiskeli, ili kitufe kiwe karibu na mkono. Adhuhuri akapita mbele ya meza ya Aikande, pale sokoni Kwa Sadala anapouza ndizi.

"Mama Rachel, umenigeuza basi," alimtania, akapiga pedali.

Aikande akamsindikiza kwa macho. Baiskeli haikuonekana, wala miguu ya Davis. Lilionekana rundo la mabua tu, pana kama kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, likienda polepole upande wa Moshi, na pembeni mwake kitone cha njano kikimweka, kikimweka. Alifurahi, tena waziwazi, akamwonyesha mwenzake wa meza ya jirani.

Lori likapita. Lilipolifikia rundo likapunguza mwendo, likasubiri, halafu likachepuka kulia kulipita. Kwenye kona mbele likatokea basi.

Lori likakata kushoto. Honi ikalia. Rundo halikuwepo tena.

"Yeleuwi," alisema Aikande, taratibu, kama anayemwambia mtu. Kisha akakimbia, ndizi akaziacha hapo.

Alimkuta Davis ameketi mtaroni katikati ya mabua, kiwiko kimechubuka, mzima. Basi lilikuwa limekwenda zake. Dereva wa lori alikuwa ameshuka, amejiegemeza kwenye tairi. Aikande akamwendea mdomo umejaa maneno. Neno atakalosema dereva huyo alilijua, na jibu lake alikuwa nalo tangu msiba wa Godlove.

"Mama, mimi nilimwona," alisema dereva. "Tangu pale sokoni nilimwona. Nikajua ni kirikuu kimebeba mabua. Akaniwashia kushoto, nikapita."

Aikande akasimama hapohapo. Nani asiyejua? Aliye mbele akiwasha indiketa ya kulia, anakuambia kuna hatari, baki nyuma. Akiwasha ya kushoto, anakuambia kweupe, pita. Yeye mwenyewe amekaa siti ya mbele mara ngapi na kuwaona madereva wakiambiana hivyo. Hasira yote aliyoibeba kwa ajili ya mtu huyu ilikosa pa kutua, ikamrudia mwenyewe. Kumbe ameifunga indiketa kwenye mgongo wa mumewe.

"Mama Rachel, izime," alisema Davis kutoka mtaroni. "Bado inaita."

Akaifukua kwenye mabua. Akabonyeza, ikamweka kwa kasi zaidi. Akabonyeza tena, ikarudi ilivyokuwa. Dukani aliuliza inavyowashwa, kuzima hakuuliza. Akapanda nayo ukingoni mwa barabara, nyuma ya lori, akiigeuzageuza kutafuta kitufe kingine.

Gari dogo lililokuwa limesimama nyuma ya lori likaguruma. Dereva wake akachungulia, akaitazama taa mkononi mwa Aikande, akaanza kukata usukani kulia ili apite. Kule kwenye kona, honi nyingine ilikuwa inakaribia.

Aikande akaifumbata kwa mikono miwili, akaikandamiza tumboni, akaifunika kwa khanga. Gari likasimama. Alibaki ameinama hivyo, na kupitia khanga bado aliiona ikimweka.