Malaria ya Jumamosi

Mtaa wa Mkungu Mmoja, pale Ngamiani, una ugonjwa wake ambao madaktari hawajausoma popote. Unaitwa malaria, lakini hauna habari na mbu. Huwapata vijana wa kiume wa miaka kumi na saba hadi ishirini na tano, huwapata Jumamosi mchana, na ukishawapata huwalegeza miguu, ukawaimbisha, kisha ukawatapisha mtaroni. Jumapili jioni mgonjwa ni mzima, anadai chai. Mama yake huwaambia majirani, "Malaria imempanda kichwani, masikini," na majirani huitikia, "Pole, shoga," maana nao wana mgonjwa wao ndani.

Bi Nasra aliujua ugonjwa huo kuliko wote. Kwanza, yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na mkoba wa fomu. Pili, mwanawe wa pekee, Mudathir, alikuwa ameugua Jumamosi tatu mfululizo. Ile ya tatu alimkuta kalala chali uani, matapishi yamemjaa kooni, uso umebadilika rangi. Alimgeuza ubavu kama alivyofundishwa kwenye semina, akamwita jina lake na la marehemu baba yake, mpaka kijana akavuta pumzi. Hospitali daktari aliuliza mgonjwa amekunywa nini. Nasra, mjane wa watu, binti wa mwalimu wa madrasa, alijibu, "Madafu." Daktari alimtazama, akaandika anayoyajua mwenyewe.

Tangu hapo aliogopa. Kila ilipofika Ijumaa usiku hakulala, na Jumamosi alikuwa akisikiliza mlango tangu asubuhi. Alijua kwamba ya nne huenda asimuwahi.

Ndipo ikaja kampeni ya kupunguza ulevi wa vijana. Shirika moja la afya lilikuja na turubai, spika na fulana nyeusi zilizoandikwa "Kijana Timamu", ambazo vijana walizigombania sana kwa sababu hazishiki doa upesi. Lakini nyuma ya kelele zote hizo kulikuwa na kitu kimoja cha maana, nacho ni muuguzi Bibiana, mtu wa Muheza, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alikuwa amekaa mwaka mzima mtaa wa Nguvumali. Kila Jumamosi, saa ile ile ambayo wenzao walikuwa wanaugua, vijana wa huko walikaa naye, wakapimwa, wakazungumza, wakapewa tiba. Baadhi yao walikuwa wameacha kabisa.

"Na huku kwetu je?" Nasra alimuuliza.

"Huku pia, dada. Ila kituo kinafunguliwa pale fomu zikionyesha vijana kumi wanaokunywa kupita kiasi."

"Kumi tu?"

"Kumi tu."

Nasra nusura acheke. Kumi angewapata kabla ya adhuhuri bila hata kubisha hodi. Angeanzia mtaroni.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Sabiha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Sabiha aliposikia swali alishika kifua. "Kwangu? Audhubillahi! Humu hata siki haiingii. Sisemi kitu, shoga, lakini wewe jaribu nyumba ya pili." Nyuma yake, kwenye mkeka, mwanawe Ibrahimu alikuwa amelala kakumbatia beseni.

"Na huyo?"

"Malaria."

"Kapimwa?"

"Ipimwe ya nini, nayo inaonekana kwa macho?"

Nyumba ya pili walimwonyesha ya tatu, ya tatu wakamwonyesha ya nne, na ya nne wakaapa kwa msahafu kwamba kama wapo walevi basi wapo nyumba ya kwanza. Kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Zubeiri, alikaribishwa kahawa na hotuba. "Andika sifuri," alisema mzee, "na uiandike kwa wino. Mtaa huu ni wa dini tangu enzi za babu zetu. Ulevi uko huko kwa watu wa kuja." Wakati akiyasema hayo, kitinda mimba wake Nasri alikuwa mlangoni mwa chumba chake, anahangaika kufungua kitasa kwa ufunguo wa pikipiki.

Nasra alizunguka siku mbili. Nyumba arobaini, sifuri arobaini. Njia nzima alikuwa akiwasema moyoni: wanafiki, waongo wakubwa, mficha uchi hazai. Mpaka akafika nyumba ya arobaini na moja, ambayo ilikuwa yake.

Alikaa kitandani na fomu mapajani. Alijua ni nani atakayeisoma. Ataisoma mwenyekiti, ataisoma karani wake, na karani ana mke, na mke ana mdomo. Kufikia magharibi msikiti mzima utajua kwamba mjukuu wa Mwalimu Shekhe ni mlevi. Akaandika sifuri, tena akaiandika vizuri, ya duara, kisha akajichukia.

Baada ya wiki mbili matokeo yakatoka. Mkungu Mmoja ulikuwa mtaa wa kwanza ambao shirika halikupata hata mlevi mmoja. Kukafanywa sherehe, ikawa Jumamosi. Pilau ilipikwa, likatundikwa bango lililosema "Mtaa Usio na Mlevi", na Mzee Zubeiri akasema maneno mengi kuhusu malezi bora. Vijana wenyewe waliolelewa vizuri hivyo hawakuonekana. Wote walikuwa wameshikwa na malaria.

Bibiana alikuwa anafunga mafaili yake. "Hongera, dada," alimwambia Nasra. "Kituo tunakipeleka Makorora."

Nasra alimtazama, akayatazama yale mafaili, akamwona Mudathir vile alivyokuwa amelala chali uani. Hakuamua kitu. Alijikuta tu amesimama, kipaza sauti kimo mkononi.

"Fomu ya nyumba yangu niliijaza uongo," alisema. "Nina mlevi mmoja. Ni mwanangu Mudathir. Nusura anifie mikononi."

Vijiko vilisimama hewani. Mzee Zubeiri alikohoa, akacheka kidogo, akawaambia wageni, "Mtusamehe. Mama yetu huyu anaumwa."

"Malaria," alidakia Bi Sabiha kwa huruma.

Bibiana peke yake ndiye aliyemfuata pembeni. "Nakuamini," alisema. "Lakini mmoja hatoshi, dada. Chukua tena fomu za mtaa; nakusubiri mpaka Jumatano. Baada ya hapo sina uwezo."

Jumapili hakuna aliyemsalimia Nasra. Muuza vitumbua alimhudumia bila kumtazama. Bi Sabiha, ambaye kinu cha Nasra kilikaa kwake zaidi kuliko kilivyokaa kwa mwenyewe, alivuka barabara alipomwona. Nasra alirudi ndani akalia. Alikuwa ameuza heshima yake mchana kweupe, na alichokipata kwa bei hiyo ni jina moja tu kati ya kumi.

Jumatatu, baada ya alasiri, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Bi Sabiha, kajitanda kanga mpaka puani.

"Ile fomu yako," alinong'ona, "si umeshaichafua? Doa moja na madoa mawili tofauti yake nini? Mwandike na Ibrahimu."

Nasra alishukuru Mungu. "Naenda kuchukua fomu yako, shoga."

"Fomu yangu ya nini? Mwandike kwako. Yangu ibaki na sifuri yake."

"Nimwandike kama nani kwangu?"

"Kama mwanao! Kutwa kucha unasema mtoto wa mwenzio ni wako. Haya, mchukue."

Jua halijatua, akagonga wa pili. Jumanne wakagonga sita. Kina mama wote waliokuwa wakipita mlango wa mbele siku zote, sasa walijua njia ya uani kama paka. Kila mmoja aliacha jina la mwanawe na kuapa kwamba hakufika. Kufikia Jumatano asubuhi Nasra alikuwa na majina tisa.

Wa kumi alikuja mwenyewe, viatu mkononi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, usipaze sauti." Mzee Zubeiri alisimama karibu na kamba ya nguo, asijue pa kutazama. "Nasri ametapika damu," alisema.

Nasra alimwonea huruma, na papo hapo akamkasirikia. "Basi kaseme mwenyewe, mzee wangu. Simama pale pale ulipodai mimi ni mgonjwa, useme."

"Nitakufa kwa aibu, Nasra."

Alitaka kumfukuza. Aliitazama fomu. Bila Nasri hakuna kumi, na bila kumi hakuna Bibiana, na Jumamosi ilikuwa imebaki siku tatu. Akaandika.

Bibiana alipoipokea aliisoma mara mbili. Kaya namba arobaini na moja: mjane mmoja, watoto kumi, wote wa kiume, wote wanakunywa, watatu kati yao wamezaliwa mwezi mmoja wa mwaka mmoja.

"Hongera ya uzazi, dada," alisema, akatia saini.

Jumamosi kituo kikafunguliwa uani kwa Nasra, maana hakuna mwingine katika mtaa aliyekubali kutoa hata kivuli. Vijana kumi walikaa kwenye mikeka. Mudathir alikaa mbele, kaoga, anatetemeka, na saa saba mchana macho yake yalikuwa meupe. Alitaja jina lake, akataja anachokunywa na kiasi chake. Nasra alimsikiliza akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, kanga kaibana mdomoni, na furaha ile ilimuuma.

Saa hiyo hiyo spika ya serikali ya mtaa ikalia. Mzee Zubeiri alikuwa na mkutano. "Kuna nyumba moja," ilisema sauti yake juu ya mabati yote, "inatuharibia jina. Wazazi, msiwaruhusu wanenu hata kupita mlangoni pake!" Makofi yakafika mpaka uani. Vijana tisa wakamgeukia Nasri, naye akatazama vidole vya miguu yake.

Mkutano ulipokwisha, mlango wa uani ukagongwa taratibu. Nasra akaufungua nusu. Mzee Zubeiri alikuwa kabeba kibakuli kimefunikwa, anatazama kulia na kushoto.

"Mwanangu anaendeleaje?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mwanao yupi, Mwenyekiti?" Nasra alisema, tena kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kwako si sifuri? Humu mna wanangu kumi."

Akapokea kibakuli, akafunga mlango, akarudi kwa watoto wake.