Salamu Arobaini na Nne

Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima pale Kagoma alikuwa Buberwa, mume wa binti yangu Ephrasia. Sasa nieleweni, waitu, ndugu zangu: kwetu mama hampi mkwewe mkono, wala hawatazamani usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Kwa hiyo mimi, Alistidia mzima, nilisoma nimejibanza kwenye kona nyuma ya mlango, naye akifundisha kaukodolea macho ubao. Mnacheka? Chekeni tu.

Kila Ijumaa alitupa chemsha bongo. Nilizipenda mno, hata ndizi ziliungua jikoni nikiwaza majibu.

Mwaka wa sabini na tano akaja mkaguzi, mgeni kutoka kusini, kutupa mtihani. Kile cheti nilikitaka kufa na kupona. Aliyekosa swali hata moja alirudi kuanza upya, na kwa umri wangu kuanza upya ningeanzia wapi?

Swali la mwisho alilitunga Buberwa mwenyewe: "Humu ndani tuko kumi, pamoja na mwalimu. Tukisalimiana wote kwa mikono, kila wawili mara moja, salamu zitakuwa ngapi?"

Nikapiga hesabu. Wa kwanza ana salamu tisa, wa pili zimebaki nane, wa tatu saba, hivyo hivyo hadi moja. Jumla arobaini na tano. Nikatoa moja, nikaandika arobaini na nne.

"Umekosa," mkaguzi akasema. "Ni arobaini na tano. Mwalimu kaandika hapa."

"Mimi na mwalimu hatupeani mikono. Ni mkwe wangu."

Akacheka. "Basi mpe mkono sasa hivi, mama, zitimie, nami nikupe cheti chako."

Mawe, mama yangu wee! Na nisiwadanganye: nilikitaka kile cheti hata nikainuka. Nikaona aibu, na bado nikapiga hatua moja.

"Bwana Mkaguzi," Buberwa akasema, uso ubaoni, "aliyekosa ni mimi. Jibu nililiandika kama mtu asiye na mkwe. Sahihisha la kwangu."

Mkaguzi akatutazama sote, akaikata ile tano, akaandika nne.

Nilikipokea cheti huku machozi yananitoka. Nilitaka kumshukuru Buberwa, lakini nitamwambiaje? Nikaugeukia ukuta, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Ewe ukuta, mwambie mwalimu kwamba Ephrasia wangu nilimwoza kwa mtu hasa."