Picha ya Tumbo la Mama Mdogo

Mama mdogo hakuogopa kisu. Aliogopa wasikute kitu.

"Wakichungulia wakakuta peupe," aliniambia asubuhi ya upasuaji, akikunja gauni lake juu ya kitanda cha wodini, "nitarudi kazini na uso gani? Si watasema nilikuwa nadeka miaka yote hii?"

Alikuwa mwokaji wa mikate, nami nilifungasha mikate hiyo hiyo kwenye meza iliyokuwa nyuma yake. Siku zake zikifika, alisogea kwenye ukuta wa tanuri akaegemeza tumbo pale penye joto la kuvumilika. Kazini walimwita Bi Tanuri.

"Bi Tanuri, umeolewa na huo ukuta?" msimamizi alimtania.

"Afadhali wenyewe, haupigi kelele kama wewe."

Tulicheka sote. Ila mimi niliyekuwa nyuma yake nilimwona akiuma ncha ya aproni yake.

Hospitali alishazunguka sana. Huku aliambiwa ndivyo wanawake walivyo, kule aliambiwa akizaa yataisha, na mtoto hakuja. Vipimo vya picha vilitoka safi. Mpaka tukampata daktari mmoja mama, mpole, aliyemuuliza kama huwa anaumia pia akienda haja kubwa siku hizo. Mama mdogo alinigeukia mdomo wazi. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Vipimo safi havimaanishi huumwi," daktari alisema. "Turuhusu tuingize kamera ndogo, tuone kwa macho."

Alipozinduka midomo ilikuwa imemkauka. Hakuomba maji.

"Wamekuta?"

Nikamwambia tumsubiri daktari. Alilala macho darini, mkono wangu ameubana, hadi jioni daktari alipokuja na kompyuta yake, akatuonyesha video iliyopigwa na ile kamera.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilidhani ndani ya mtu ni giza na damu tupu. Kumbe kunang'aa. Kulikuwa na rangi ya waridi, manjano laini, mishipa myembamba kama nyuzi za hariri. Katikati ya uzuri huo palikuwa na madoa meusi, na utumbo umegandana na mfuko wa uzazi.

"Hii ni endometriosis," daktari alisema, akigusa doa moja kwa ncha ya kalamu. "Tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Kila mwezi inavimba na kuvuja, haina pa kutokea. Inaacha makovu, na makovu yanagandisha viungo. Si saratani. Lakini maumivu yake si mchezo."

Kisha tukaona vyuma vyembamba vikiachanisha kilichogandana, taratibu, bila kuchana.

"Mwanangu, tazama," mama mdogo alininong'oneza. "Kama mikate iliyoumuka ikashikana kwenye trei. Ananitenganisha kama ninavyoitenganisha mimi."

Akaomba aonyeshwe tena. Na tena. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, naye anatabasamu.

"Basi kazi zote zile nilikuwa nazifanya nikiwa na hili tumbo," alisema. Alisema kama anayemsifia mtu mwingine.

Daktari hakumficha: ametoa alichoweza, na inaweza kurudi. Ilirudi, ingawa si kwa ukali ule. Alimeza vidonge vyake, akajifunza kusema "leo sitoi trei" bila kuomba radhi. Daktari alimpa picha moja ya karatasi, naye akampelekea msimamizi aione.

"Nini hiki, nyama?"

"Tumbo langu. Angalia vizuri."

Msimamizi aliangalia, akavua kofia yake ya kazini. Kesho yake tulikuta kiti kando ya tanuri. Jina la Bi Tanuri halikufa, ila lilianza kutamkwa kwa sauti nyingine.

Mwaka huu homa ya mapafu imemchukua. Msibani walitafuta picha yake ya kuweka mbele, wakachagua ile ambayo amevaa miwani, anacheka. Ni nzuri. Yangu, ile ya tumbo aliyoniachia, ilikuwa ndani ya mkoba, nami sikuitoa. Haina uso, na wageni wasingeelewa.

Usiku wa kwanza baada ya mazishi haukupita bila mimi kuitazama. Ile rangi ya waridi. Yale madoa. Huko ndani ndiko alikokuwa akiishi, na asubuhi anatoka anatuokea mikate.